Tetekuwanga, Isongole

Gwakisa aliileta kutoka shule ya awali
ndani ya begi moja na penseli iliyotafunwa:
vipele saba tumboni, kufika jioni sitini,
akavihesabu kwa sauti, akakosea, akaanza upya.
Siku ya nne alikuwa nje kwenye matope
akimfukuza jogoo, amepakwa kalamini,
waridi kama keki ya kipaimara.

Kisha baba yake.

Anyosisye, anayebeba gunia la viazi
toka bondeni hadi barabarani bila kutua,
alilala siku kumi na mbili.
Homa ilimtikisa hadi kitanda kikalalamika;
vipele masikioni, kooni, kwenye nyayo.
Akikohoa, nilisikia ukungu wa Rungwe
ukiingia kifuani mwake na kufunga mlango.

"Ugonjwa wa watoto," alinong'ona. "Mimi tena?"

Muuguzi wa zahanati hakushangaa:
mtoto huupokea kama mgeni wa mchana,
mtu mzima hupigana nao,
na nyumba ndiyo inayobomoka.

Samaki mkunje angali mbichi, tunasema.
Sikujua kwamba damu nayo ni samaki.

Mimi nilipita kati ya vitanda viwili
na uji, na beseni, sikuguswa.
Juu ya unyusi wangu kuna kashimo kadogo
ka mwaka ule nilipokuwa na miaka mitano.
Siku ya harusi nilikaficha kwa wanja.

Jana Gwakisa alimshika baba yake kidole,
akamfundisha:
"Usikune. Pigapiga tu, hivi."