Tisa Nukta Nne

Limerudi baada ya miezi kumi na mmoja,
gazeti langu la katuni, Sajini Papasi, toleo la nne,
limefungiwa ndani ya ganda gumu la plastiki.
Karani wa Posta aliligonga kwa ukucha:
"Hili nalo ni gazeti au kigae?"
Nikalipa ushuru,
nikaendesha baiskeli hadi Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne,
mkono mmoja kwenye usukani.

Lebo ya rangi ya fedha inasema: 9.4.
Chini yake inasema: Toleo la Tano.
La nne, jamani!
Namba ipo pale pale kwenye jalada,
nyekundu, kubwa kuliko buti la Sajini.

Nikalipeleka dirishani.
Pini ya juu ina kutu. Kona moja imekunjika sikio.
Na ndani, kati ya jalada na plastiki,
unywele.
Mmoja, mrefu, wa hudhurungi.
Si wangu; kichwa changu ni yai tangu mwaka tisini na nane.

Ningecheka yakaisha.
Lakini lile jingine, toleo la pili,
nililolitunza kwenye bahasha ya kaki na majani ya mwarobaini,
ambalo hata mgeni hakuwahi kulishika bila kunawa,
wamelipa sita.
Sita, na maelezo hakuna.
Na hili la tisa na ushei halina ukurasa wa mwisho!
Niliwaandikia kwenye fomu, herufi kubwa:
UKURASA WA 32 HAUPO.
Kaka Mhina aliuchana tukiwa wadogo.

Bwana Kisauti amepiga kutoka Dar.
"Laki nane, leo hii. Ila usifungue.
Ukifungua, namba imekufa."

Mama akanyosha mkono.
Macho yamemwacha, vidole bado:
miaka ishirini na miwili banda la brashi, mkonge wa Kigombe.
"Daraja gani hili?"
"La kwanza, mama. Karibu na juu kabisa."
Akapapasa kingo, kona zote nne,
akitafuta pa kuingilia.
"Sasa wewe umejuaje?"

Mkonge, akasema, unashika fungu, unalipunga mara moja,
unalitazama rangi, unalipima kwa mkono wako,
futi tatu ni futi tatu.
Hili A. Hili 3L. Hili takataka, rudisha.
Hiyo ni asubuhi.
Baada ya saa nane, na mnyapara anahesabu mafungu,
na vumbi limekujaa puani,
kila kitu ni Daraja la Kwanza.

Akanyamaza. Kisha, taratibu:
"Nami niliwahi kupitisha.
Siku Mhina ana surua. Niliyasukumia ya chini
katikati ya robota zuri, likashindiliwa, likaenda melini.
Sijui nani alilikata huko.
Wiki nzima nilikuwa nikisikia mtu ananiita."

Nikautazama tena ule unywele.
Nikamwona mwenyewe: meza, taa kali,
rundo lisilopungua, saa ya ukutani,
labda ana mtoto anayeunguzwa na homa.
Hasira yangu ikapungua kidogo. Si yote.
Sita ni sita, na nauli nililipa mimi.

Nikachukua kisu cha mkate.
Plastiki haikutaka, ikapiga kelele kama bati,
ikanikata kidole gumba,
na tone likaangukia kofia ya Sajini.
Haya, mpeni namba sasa.

Nikamsomea mama, ukurasa kwa ukurasa,
wezi wa saruji, lori la usiku, mbwa aliyemeza filimbi.
Alicheka pale pa mbwa mpaka akakohoa.
Simu ililia mara mbili. Niliiacha.

"Enhe," akasema, "wakakamatwa?"

"Sijui, mama.
Mhina alifungia bisi."