Mnong'onezi

Sharubu za mwana wa mfalme ni katani
iliyopakwa rangi ya viatu.
Bi Mwanamvua huzibandika kwa uji wa muhogo
huku akilalamika kwamba zinamwasha.
Mchana hupima maharage soko la Ngamiani;
usiku, hapa Makorora, ana upanga wa bati,
na wanawake wenye wajukuu humwita Mume Wetu.

Mimi hamnioni. Niko nyuma ya pazia la kanga mbili,
daftari gotini, tochi mdomoni.
Msemaji akisahau, nimpe neno.
Miaka kumi na mmoja
nawajua waigizaji wetu kwa visigino.

Jumamosi ile watu walijaa mapema,
na mikeka, na vigoda, na watoto waliokwisha lala,
mihogo ikitona chachandu kwenye gazeti.
Bibi Nangasu, mzito wa masikio, kaketi mbele
akiwaeleza jirani mambo kabla hayajatokea:
"Sasa atamfukuza. Ngojeni. Mjinga huyu atamfukuza."
Hakuna aliyemnyamazisha.
Hadithi waliijua kabla mimi sijazaliwa.

Ikafika pale mwana wa mfalme
anapomkuta mamaye akiosha vyombo vya watu.
Fidla ikashuka. Dumbaki ikanyamaza.
Bi Mwanamvua akafungua kinywa
na hapakutoka kitu.

(Mama yake mwenyewe tulimzika Pongwe.
Hiyo ilikuwa siku ya tisa.)

Nikapekua daftari. Tochi ikaniponyoka,
ikabingiria chini ya jukwaa,
na mstari nilioandika kwa mkono wangu
ukanikimbia.

Ndipo sauti ya Nangasu, kando kabisa ya fidla:

*Mikono ninaijua, uso ndio nausaka,*
*ilonikinga na jua, kwa jivu imepauka.*

Akadakia muuza kahawa.
Akadakia mgambo aliyekuja kukagua kibali.
Kisha uwanja mzima, hata wenye mihogo mdomoni,
polepole, kama watu wanaombeba mgonjwa ngazini.

Bi Mwanamvua kasimama, upanga chini,
sharubu moja inaning'inia.
Wakapanda kumtunza, noti juu ya paji la uso,
na mmoja akalamba kidole,
akambandika upya ile katani:
"Mume Wetu, jikaze."

Tochi niliiona. Nikaiacha huko huko chini, ikiwaka.
Nangasu alikwisha tangulia:
"Sasa atamtambua. Ngojeni."