Mbwa na Lakini

Ngazi ni mia mbili na kumi na nne.
Anselmo ndiye aliyenihesabia, Jumamosi ya kwanza,
akairuka ile ya tisini kwa kuwa imevunjika;
kwa hiyo, akasema, ni mia mbili na kumi na tatu,
lakini ukianguka ni mia mbili na kumi na nne.

Hapa Valparaíso nyumba za mabati zimeng'ang'ania kilima,
za manjano, za samawati, moja ya waridi iliyochujuka.
Ukumbi wa mtaa una meza nne na hita ya mafuta ya taa,
na sisi sita wa chuo, tuliopanda na mabegi mgongoni
tukidhani tumebeba kitu.

Ana miaka tisa. Huniita shangazi,
kama watoto wa hapa wawaitavyo walimu wao.
Alinisomea kitabu kizima bila kukwama,
sauti imenyooka, kidole kinateleza,
nikafurahi. Kisha nikaona kidole
kiko ukurasa wa pili, na mdomo uko wa tatu.

Nikafunika picha kwa kiganja.

Kimya.
Hita ikakoroma.
Dada yake alikuwa amemsomea mara tatu,
naye akakihifadhi chote kichwani,
hadi pale dada alipokohoa.

Tukaanza upya, herufi kwa herufi.
Kwa Kihispania mbwa ni *perro*, na lakini ni *pero*.
R mbili, ulimi unatetema; r moja, unagusa na kuondoka.
Ulimi wake uligusa na kuondoka.
Akasoma: Mtoto alikuwa na lakini.
Lakini ilimlamba usoni.
Nilicheka, kisha nikaacha kucheka:
mimi pia ninayo moja, hulala mlangoni pangu,
kila nikitoka lazima niivuke.

Hesabu tulifanya kwa mkate.
Mkate wa mji huu hutoka tanurini na mipaka yake,
unamenyuka nusu, nusu inamenyuka robo, wala hauhitaji kisu.
Nikauliza: mko wanne, vipande vinne, kila mtu apate ngapi?
Akaandika: mimi viwili, dada kimoja, baba kimoja.
"Na mama?"
"Mama hula kazini."
Kalamu nyekundu ilikuwa tayari hewani.
Sikujua pa kuitua.
Nikachorea mkate.

Agosti, baridi imekaza, majibu ya kalkulasi yakabandikwa.
Nimefeli. Mara ya pili.
Nilipanda ngazi zote siku hiyo, hata ya tisini.
"Shangazi, kwani wewe hesabu zote unazijua?"
Ningeweza kumdanganya; nilikuwa nimevaa koti la chuo.
Nikatoa karatasi ya mtihani, ikiwa na mikunjo ya mfukoni.

Aliitazama kitambo,
akipitisha kidole chini ya alama
ambazo hata mimi huzipita mbio.
Kisha akaweka kiganja chake, chenye makombo,
juu ya grafu yangu, ile nzuri, niliyoipaka rangi.
"Sasa soma."

Nikasoma mstari wa kwanza.
Wa pili nikakwama,
palepale ambapo, mwaka mzima,
nilikuwa nikikumbuka badala ya kujua.

Hakunicheka. Alivuta kiti karibu,
kama nivutavyo mimi,
akasubiri, kama nisubirivyo mimi siku njema.

Nikaanza kujitetea: nilijitahidi, *pero*…

"*Perro!*" akapaza sauti,
ulimi ukinguruma kama pikipiki inayopanda mlima,
r mbili kamili, mara ya kwanza maishani mwake,
mwenyewe akashtuka, akajishika mdomo;
na nje, chini ya dirisha, kwenye ngazi ya tisini,
mbwa wa mtaa
akainua kichwa.