Siagi ya Kutosha

Mama mkwe ameandika nyuma ya bili ya umeme,
kwa penseli, mwandiko wa mtu aandikaye huku anaongea:
jibini bichi kilo moja, lisagwe mara tatu.
Mayai kumi. Siagi ya kutosha.
Kutosha nani, mama? Hajasema.

Nje, Toruń imelala chini ya theluji,
tramu ya kwanza haijapita.
Jagoda yuko zamu ya usiku, wodi ya watoto,
na kesho, hapana, leo, saa tisa alasiri,
dada zake wanakuja kula Krismasi kwetu:
Ludwika, ambaye ulimi wake hukata hata visivyokatika,
na Teodozja, ambaye hasemi neno
ila huweka uma chini, taratibu,
na uma ule husema.

Nimeendesha tramu miaka ishirini na sita.
Najua breki, najua kona ya daraja inaposhika barafu.
Sijui kuoka.

Basi nasaga.
Mashine ya nyama nimeibana ukingoni mwa meza,
jibini linachuruzika nyuzinyuzi:
mara ya kwanza, chokaa yenye chenga,
mara ya pili, uji,
mara ya tatu nachovya kidole, nalamba,
nakaa kimya kidogo.

Biskuti za tangawizi, zile mji huu unazojivunia,
nimezifunga kwenye taulo na kuzitwanga kwa chupa
mpaka Bwana Hieronim wa chini akagonga dari yake kwa ufagio.
Nikamimina siagi juu ya chengachenga zile. Nikaongeza.
Nikaongeza tena, maana bili ya umeme haikunikataza.

Napasua nyumba kumi zisizo na milango.
Moja inaanguka na ganda lake; navua vipande kwa ukucha.
Kisha ganda la chungwa,
zabibu zilizolala ndani ya ramu tangu juzi
(zimeamka zimelewa),
mdalasini, karafuu tatu zilizopondwa,
na kungumanga, ninayoikwaruza
pamoja na ngozi ya kidole gumba.
Damu kidogo. Msiwaambie mashemeji.

Oveni.
Bakuli la maji chini, keki juu, moto mdogo.
Usifungue mlango, ameandika mama, akapiga mstari mara mbili,
nami nimechuchumaa mbele ya kioo
kama mtu anayesubiri jina lake liitwe hospitalini.
Mvumilivu hula mbivu, sawa,
lakini mvumilivu huyo hakuwa na Ludwika njiani.
Inaumuka. Inatetemeka katikati tu,
kama shavu la mtoto anayezuia kicheko.
Harufu inapenya chini ya mlango, inashuka ngazi.
Ufagio wa Hieronim umenyamaza.

Kabla hakujapambazuka, ufa.
Kutoka ukingoni hadi katikati, polepole, mbele ya macho yangu,
kama barafu ya mto Wisla mwezi Machi.
Nilisema neno ambalo sitaliandika hapa.

Naitoa, naiweka dirishani ipoe,
nafungua makabati kutafuta cha kuufunika ufa:
sukari ya unga, jamu, hata leso nimeifikiria.
Ndipo ufunguo ukazunguka mlangoni.
Jagoda. Theluji mabegani, alama ya barakoa bado puani.
Hasalimu. Haulizi.
Anachukua kijiko, si kisu, kijiko,
anakichomeka palepale kwenye ufa,
anakula amesimama, na koti lake,
viatu vikitiririsha maji sakafuni.
Cha pili. Cha tatu.
"Leo wamelala wote," anasema, "hata yule wa kitanda cha nne."
Cha nne.

Mama aliandika ipoe mpaka jioni.
Sikumwambia.
Nilimvua skafu tu, akiendelea kula.

Saa tisa wageni wakakuta duara lenye shimo
na chokoleti imemwagwa humo kama ziwa.
Teodozja akashika uma. Tukasubiri.
Uma haukushuka.
Ludwika akauliza nimetia siagi kiasi gani.
Nikamwambia.