Tulipata Misumari

Sentimita kumi: kifuniko cha soda, mzizi wa mpaina,
betri iliyovimba.
Sentimita ishirini na tano: kigae cha sahani nyeupe
chenye ua la buluu lililokatika shingoni.
Hapo Daktari Kyando akavua glovu, akasema, "Tumewafikia."
Alimaanisha Wajerumani.

Mimi kazi yangu chekeche.
Elfu kumi na tano kwa siku, na chai.
Makete mwezi wa saba sakitu haiondoki hadi saa tatu,
vidole vinakuwa vya mtu mwingine.
Natikisa, natikisa,
udongo unashuka, yanabaki yaliyokataa:

shanga saba, kifungo cha mfupa,
kijiti cha kuandikia kibaoni, kina alama za meno
(mtoto fulani aliitafuna hesabu
kabla hesabu haijamtafuna),
kisha misumari. Kumi na mmoja.
"Ya kwao," akasema Daktari. "Nyumba ya kwanza ya misheni. Andika hivyo."

Jioni akatusomea shajara ya mchungaji wao:
kasha limezama ziwani pamoja na mtumbwi,
mvua i karibu, paa halijapigiliwa.
Siku tisa baadaye, mstari mmoja tu:
*Tulipata misumari.*

Tulipata.
Kama mtu apatavyo mafua.
Kama kwamba iliota usiku, na uyoga,
wao wakaamka, wakachuma.

Nililala na neno hilo.
Asubuhi nikaomba msumari mmoja, nikauweka kiganjani.
Una pande nne, hakuna ulio sawa na mwenzake.
Kichwa kimelalia kushoto,
kama fundi alipiga huku akimwangalia anayemsubiri.
Kwetu lipo jembe uvunguni, halilimi,
ndilo lililomtoa kwao bibi wa bibi yangu.
Lina makovu yale yale.

"Daktari," nikasema, "kwenye pareto ya kina Luvanda, hapo tu,
ukilima, jembe linalia.
Ni mavi ya chuma. Utotoni tuliwarushia kunguru."

Akanitazama. Akatazama chekeche.
Tukaenda, tukachimba.
Sentimita hamsini: kewa, mdomo wa mvukuto,
imeungua hadi ikawa kioo,
na pembeni, palipofinyangwa, alama ya kidole gumba.
Nikapachika changu. Kikapwaya.

Basi alikuwepo.
Hatua arobaini kutoka kwenye ile sahani ya maua
alikuwapo mtu akivukuta.
Sijui alilipwa chumvi, au kitambaa, au kiboko.
Sijui kama alicheka:
watu wazima, wamevuka bahari, wameishiwa misumari!
*Mgeni njoo, mwenyeji apone*, labda alisema.
Labda alitema mate.
Udongo hautunzi mate.

Ninachojua ni hiki: juu ya tabaka lile
hakuna tena mavi ya chuma, hata punje.
Kuna jembe la dukani, limevunjika shingo.
Kuna sarafu ya shaba yenye taji, hela yenyewe,
ile iliyotuachia jina
tunalolitaja kila siku tukiwa hatuna.

Fomu ya mfuko ina namba, kina, uzito, aina.
Haina mahali pa *nani*.
Nikageuza karatasi. Nyuma, kwa herufi ndogo,
nikaandika: *ilifuliwa hapa.*
Daktari aliona. Hakufuta.
Hakusema neno pia, akaenda kufunika shimo kwa turubai,
maana ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni.

Jumapili niliimba nusu ya kila wimbo.
Mlango wa kanisa letu ni wa zamani, umepakwa rangi mara nyingi
hata mbao zimenenepa.
Wenzangu walipotoka kusalimiana nilibaki nyuma
nikipapasa fremu, polepole,
kama mtu anayetafuta swichi gizani,
mpaka kitu kidogo, baridi,
chenye pande nne,
kikanikwaruza.