Julai, Jikoni kwa Ponsiana

Ukungu umepanda kutoka Ruvuma tangu saa kumi,
umelamba mabati ya Newala yote,
sasa uko mlangoni kama mdai anayejua tumo ndani.
Ponsiana anaufungia mlango kwa kisigino:
"Wewe hukualikwa."

Tuko saba na jiko moja.
Kanisius kavaa masweta mawili, la juu la mkewe,
la waridi, lenye vifungo vya lulu,
na hakuna anayecheka,
kila mtu kavaa alichokiona kwanza.

Ming'oko inatokota.
Somoe aliichimba jana huko upande wa Mkunya,
mti ukamchubua kiganja;
anakionyesha kwa kila anayeingia
kama stakabadhi ya ghala.
Tunamenya kwa kucha. Ganda linavuka kama soksi,
ndani mweupe, ungaunga,
na ule utamu wa chini kwa chini
ambao ulimi huupata ukishaacha kuutafuta.
Chumvi. Pilipili iliyopondwa kifuuni.
Mbaazi mbichi, bado na ukijani wake.
Na jogoo aliyetuamsha saa tisa mwaka mzima
leo ndiye amelala,
kajifunika tui la korosho pasua,
zile ambazo mnunuzi alizikunjia pua.

Halafu Ponsiana anapiga magoti,
anaingiza mkono uvunguni hadi begani,
anatoa chupa tatu zilizozibwa kwa nta ya mshumaa.

Mabibo ya Novemba!
Nani kasahau Novemba ile?
Nzi, nyuki walevi, ndoo ya njano,
Kanisius akikamua kwa shati lake la harusi
kwa kuwa ndilo pekee lililokuwa safi,
sisi tukilitukana jua, mama yake na baba yake,
kumbe jua lenyewe
lilikuwa linakwenda chupani.

Vikombe vinne, bilauri, kifuniko cha chupa ya chai.
Mvinyo unakaba kwanza, bibo haliachi tabia,
kisha unashuka ukiwasha taa mojamoja:
kooni, kifuani, magotini.

Shemeji Hashimu hanywi.
Lake ni birika la tangawizi,
nalo ndilo tunalolizunguka sote kupasha vidole.
Ananusa mdomo wa chupa, anafumba macho:
"Shamba la mama hilo,"
kisha anaisogeza kando polepole,
kama mtu anayempisha mkwewe njiani.

Chilumba na Kanisius wana kesi,
mikorosho kumi na miwili ya mpakani.
Tangu Pasaka hawajasalimiana.
Leo hawakupatana, sitaki kudanganya.
Ila paja la jogoo lilibaki moja bakulini,
huyu akalisukuma kwa yule,
yule akalirudisha kwa huyu,
mara tatu, bila kutazamana,
hadi Lukia, mwenye miaka mitano na hana kesi na mtu,
akalichukua.

Sasa hakuna anayeinuka.
Ukiinuka utaacha joto lako kigodani
na jirani atalirithi kabla hujafika mlangoni.
Choo kiko nje, hatua thelathini za ukungu.
Tunabana.
Somoe anatusihi tusimchekeshe,
na kwa sababu hiyo hiyo tunamchekesha.
Lukia kasinzia, mfupa mkononi.
Makaa yanaanza kuvaa majivu.

Ponsiana anainua chupa ya mwisho kwenye taa,
anaipima kwa kidole chake chembamba.
"Imebaki kidole kimoja tu," anasema,
na kimya kinaingia, kile cha watu
wanaoanza kukumbuka viatu vyao viko wapi.

"Kidole cha nani?"
anauliza Hashimu, yeye asiyekunywa,
na ananyoosha mkono wake wa mwashi,
analaza kidole gumba ubavuni mwa chupa,
kinene, kimepasuka kwa saruji.

"Pimeni kwa hiki."