Viganja Vinne

Zloti elfu moja na mia mbili, ndani ya kopo la biskuti.
Nimezihesabu mara tatu, kana kwamba huzaliana gizani.
Nje, chini ya taa za Bałuty, theluji inageuka tope
na gari langu limechuchumaa juu ya rimu za chuma,
vifuniko vitatu vya plastiki. Cha nne kilijiondokea
kwenye ile kona ya Zgierz, kikabingirika hadi mtaroni
kama sahani iliyochoka kuoshwa.

Viti viwili. Paa la turubai. Miaka ishirini na sita.
Niliuziwa na mjane aliyelifunika kwa shuka za arusi,
na tangu siku hiyo nalala na tarakimu:
nati nne, milimita mia moja tundu hadi tundu,
inchi kumi na tano, upana sita na nusu,
na kina cha kitovu. Ukikosea hapo, aliniambia Jagna,
tairi litakula bodi, au bodi itakula tairi.

Jagna ni shemeji yangu. Anatengeneza tramu.
Mikono yake inanuka grisi hata mezani siku ya Pasaka.

Dukani, rimu zilizofuliwa kwa nyundo ya tani elfu
zimelazwa juu ya mahameli kama meno ya mfalme.
Nikauliza bei ya moja.
Muuzaji akanitajia kodi yangu ya miezi miwili.
Nikamshukuru. Nikaigusa, kidogo tu,
kwa kidole kimoja,
nikatoka.

Kisha Ziemowit, kijana wa maegesho,
inchi kumi na saba, nyeusi, zinang'aa hadi unajiona pua.
"Kama zile zenyewe," akasema, na neno *kama*
akalipitisha harakaharaka.
Zote nne kwa mia nane! Kipya kinyemi, ingawa kidonda:
moyo wangu ulishafungua buti na kupakia.
Jagna akachomoa mizani ya kupimia samaki,
akaning'iniza moja, akasubiri mshale utulie.
Kilo kumi na moja na ushei.
"Unataka gari la mbio," akaniuliza,
"au unataka kulivalisha gunia la viazi kila mguu?"

Banda la Gerwazy liko nyuma ya kituo cha maziwa.
Kijivu, zimetumika, zimekwaruzwa na kingo za miji nisiyoijua,
kilo tano na robo kila moja.
Mzee akaipachika ya kwanza kwenye mpini wa ufagio
akaigonga kwa bisibisi, kama mtu anayenunua chungu.
Nnng.
Ya pili, nnng.
Ya tatu, nnng, ndefu, mpaka kuku wakanyamaza.
Ya nne: ko.

Ufa mwembamba kama unywele, nyuma, pale macho hayafiki.

Gerwazy akakuna sikio. "Ninayo dada yake," akasema,
"ila ni nyeupe." Akaivuta chini ya kizimba cha sungura.
Tukaigonga. Ikaimba.
Mia tano na hamsini, pamoja na nati.

Zilizobaki zikaenda zote kwenye matairi, manne, mapya,
maana rimu ni pete tu, na pete haishiki kitu.
Gari zima, injini, mimi, deni langu, kiburi changu,
vinagusa lami kwa viganja vinne vya mpira
visivyozidi hiki ninachoandikia.
Rahisi ghali, wanasema watu.
Na ghali je? Ghali ni ghali tu.

Jumamosi, mvua, kona ya Zgierz. Nikaingia na pumzi mkononi.
Likashika.
Mtaroni, kile kifuniko bado kipo, kimejaa maji, kimejaa mbingu.
Sikusimama.

Bi Wiesława, kwenye benchi lake upande wa kulia,
aliinua miwani: "Wamekupandisha cheo?"
Nikacheka. Sikumwalika azunguke.

Ukisimama kulia, ni gari la mtu aliyefanikiwa.
Ukisimama kushoto, ni langu.